Udongo wa Bure wa Uwanja Mpya

Jumatatu, 3 Machi
Mkutano wa mtaa. Uwanja wa michezo unajengwa palepale ilipokuwa gereji ya malori, nyuma ya ukuta wangu. Injinia akasema maegesho ya ndani hayatatosha. Nyumba moja ya mtaa wetu itapewa kibali cha kuegesha magari ya ziada. Moja tu! Ukaguzi Jumamosi. Nikanyoosha mkono. Wifi yangu wa ng'ambo ya barabara akanyoosha yote miwili. Ana tamaa yule, tangu nilipoolewa na kaka yake.

Nakitaka kibali hicho. Tangu marehemu aondoke, uani kwangu sina wa kumgombeza ila kuku. Nataka pajae watu. Kila dereva nimkaripie, kila mtoto nimpe maji.

Jumanne, 4 Machi
Wifi kaja kunicheka. Eti ua wangu umebonyea kama sufuria iliyokanyagwa. Eti sikuingia darasani hata siku moja, masharti ya kibali nitayasoma vipi? Nikamwambia herufi nilijifunzia kwenye magunia ya unga na zimenitosha. Yeye aliyesoma, mbona chai yake ina ladha ya maji ya kuoshea vikombe? Kaondoka bila kumaliza yangu. Nimempelekea chupa nzima, asije akalala na kiu.

Lakini kweli ua umebonyea.

Jumatano, 5 Machi
Akili ni nywele! Malori yanatoka kiwanjani yamejaa udongo, yanakwenda kuutupa mbali. Nikasimama katikati ya barabara, mikono kiunoni. Dereva akapiga honi. Nikapiga kelele kumzidi. Akaniuliza kama najua ule ni udongo gani. Nikamjibu, mwanangu, ni wa bure, mwaga. Akafungua mdomo kueleza, nikautia mkate. Alikuwa hajala tangu alfajiri, maskini. Kamwaga. Akawaita na wenzake. Malori matano!

Alhamisi, 6 Machi
Ua bapa kama meza! Udongo mweusi, unang'aa. Wifi kachungulia ukutani, kanusa, kauliza ni nani kamwaga mafuta. Wivu huo.

Jumamosi, 8 Machi
Injinia kaingia, kapiga hatua tatu, kasimama. Kachota udongo, kaunusa, kaniangalia kama nimeficha maiti. Kumbe oili chafu ya miaka arobaini ya gereji imezama humo! Walikuwa wanausafisha uwanja kwa kuuondoa udongo huo, nami nikaupokea kwa vigelegele. Sasa ua wangu umezungushiwa utepe mwekundu. Hakuna kuingia.

Kibali kapewa wifi. Alicheka hadi akakaa chini. Kisha akavuka barabara na tenga, akabeba kuku wangu wote, akaniamuru nilale kwake hadi mafundi wamalize kuuchimba na kuuondoa udongo huo. Nimekubali. Kitanda chake kinalia kama mbuzi. Nimemwambia.

Jumatano, 12 Machi
Mafundi wenye mabuti wamechimba siku mbili. Wembamba wale! Nimewapikia uji na kuwatukana hadi wakamaliza sufuria. Wameondoka na udongo wote, wao na wangu. Limebaki shimo la kummeza wifi hadi kidevuni. Injinia kaahidi kulijaza udongo safi Jumatatu, nao umepimwa. Kanionya nisipokee kitu chochote kutoka kiwanjani. Nimeapa mbele ya wifi.

Jumapili, 16 Machi
Wifi anachora mistari ya maegesho kwa chokaa, anaimba. Uwanja wenyewe hauna hata paa!

Nimekaa ukingoni mwa shimo langu, nikafikiri. Huko ndani watacheza mpira wa kikapu, wa wavu, watapigana ngumi. Bwawa la kuogelea je? Hawakuliweka! Watoto wa mtaa mzima wataoga kwangu, nami nitawagombeza hadi sauti inikauke.

Nimemwendea fundi wa pampu. Anasema msingi wa uwanja umejaa maji na hajui ayapeleke wapi. Akataka kunieleza habari ya rangi ya maji hayo. Nimemkatiza. Kesho alfajiri anavuta mpira wa maji hadi shimoni kwangu, kabla injinia hajafika na udongo wake.