Mikoroshini Haina Mzee Dhaifu

Wananchi wa Bunju na vitongoji vyake walitangaziwa rasmi, kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya gari la wagonjwa, kwamba kuanzia Jumatatu hakuna mzee atakayeruhusiwa kuwa dhaifu katika Hospitali ya Mikoroshini bila kuthibitishwa na Kitengo. Udhaifu wa kujitangazia, ule wa mtu kuamka tu asubuhi na kusema magoti yamegoma, ulipigwa marufuku. Gari lilizunguka mitaani siku nzima, na waliopiga simu kuomba liwachukulie wagonjwa walijibiwa kwa heshima kwamba liko kwenye uhamasishaji.

Tangazo lilitungwa na Dokta Gibson mwenyewe, Mkuu wa Kitengo cha Utafiti wa Udhaifu wa Wazee, na alipolisikia likipita chini ya dirisha lake alifumba macho kwa raha. Jamani, mtu huyu alikuwa ameteseka. Miaka yote alikuwa daktari wa kawaida tu, anawashika wagonjwa kwa mikono yake, anatoka jioni shati limelowa. Sasa alikuwa na kiti kinachozunguka, gari lenye dereva, na ofisi ghorofa ya pili. Lifti ilikuwa mbovu, kweli, lakini hata hilo Dokta Gibson alilihesabu kuwa sehemu ya utafiti. Mzee akiweza kupanda hadi ofisini kulalamika kwamba ni dhaifu, ameshajijibu mwenyewe.

Na utafiti ulikuwa na faida, hilo tusibishane. Mzee akilazwa siku chache tu, misuli inamwisha. Anaingia hospitali na kikohozi, anatoka kikohozi kimepona lakini hawezi kwenda chooni. Kwa hiyo Kitengo kilitakiwa kuwatambua mapema walio dhaifu, wabaki wodini, washikwe mkono na kusimamishwa kila siku, na walio imara warudi kwao wapishe vitanda. Kazi nyeti namna hiyo ilihitaji mtu wa fani. Dokta Gibson akamchukua Benson, mtaalamu pekee wa mazoezi ya viungo hospitalini, akamtoa wodini alikokuwa akiwasimamisha wazee, akamweka ghorofani asimamie takwimu. Wodini hakubaki mtu wa kumwinua mzee hata mmoja, ila takwimu zilipata uangalizi wa hali ya juu.

Wiki ya kwanza haijaisha, matokeo yakaanza kupendeza. Vaileth, mtafiti msaidizi, aliingia ofisini na kishikwambi chake kifuani.

"Dokta, wote imara."

"Wote?"

"Wote. Hata yule babu wa kitanda cha mlangoni."

"Si yule anayepumulia mtungi?"

"Huyo huyo. Nilimuuliza, akaniangalia tu. Kishikwambi kikaandika hana malalamiko."

Dokta Gibson alizungusha kiti mara moja kwa furaha, kisha akakumbuka cheo chake akakisimamisha. Hospitali isiyo na mzee dhaifu! Kitengo kingepandishwa kuwa Taasisi, na Taasisi haiwezi kukosa Mkurugenzi. Aliona kabisa kibao mlangoni.

"Lakini Dokta, mie naona kuna ishu," alisema Vaileth. "Swali la kwanza ni 'habari ya afya yako'. Sasa namsalimia bibi, shikamoo, marahaba, habari ya afya yako, anasema nzuri. Si kila mtu anasema nzuri? Mie niliwahi kuugua malaria mpaka naona watu wawili wawili, jirani akaniuliza habari, nikasema nzuri! Ukishabonyeza nzuri, kishikwambi kinaruka yote yaliyobaki. Kinaruka kuinuka kwenye kiti, kinaruka kutembea, kinaruka kubana kile kidude cha kupima nguvu za mkono. Kinaandika imara, basi."

"Kinaruka ili kisimchoshe mzee. Hiyo ni huruma, Vaileth. Imo kwenye mwongozo."

"Wanajibu kwa adabu tu, Dokta. Ukitulia kidogo ndiyo utasikia, 'nzuri, ila usiku silali'. 'Nzuri, ila miguu siisikii.' Sasa hiyo 'ila' sina pa kuiweka."

"Adabu si kigezo cha kitaalamu," alisema Dokta Gibson kwa upole wa mtu aliyesoma nje. "Na 'ila' si takwimu."

Walikuwa bado hapo waliposikia mtu anapanda ngazi. Walimsikia muda mrefu. Kwanza ilikuja fimbo, kisha kifua kinachopiga mluzi, kisha kimya cha kupumzika, kisha fimbo tena. Mwishowe akatokea mzee Anselmo, Mmakonde mchonga vinyago wa Bunju, jasho linamtiririka mpaka kwenye kola.

"Shikamoo mzee," walisema wote wawili.

"Marahaba. Nipeni kiti kwanza, mengine baadaye."

Akapewa. Alipopata pumzi alieleza, na hakuzunguka. Mkewe, Yustina, alilazwa kwa nimonia. Nimonia imepona, Mungu awabariki. Lakini miguu imeisha, kusimama hawezi. Alipokuwepo Benson wodini alikuwa anaanza kusimama kidogo kidogo, Benson akaondolewa, na sasa nesi amemwambia mgonjwa anatoka Ijumaa kwa sababu Kitengo kimesema ni imara.

"Imara wapi, dokta? Nyumbani choo kiko nje. Editha, binti yetu, anashinda sokoni. Nabaki mie, na mie ndiye huyu unayemwona. Juzi nilijaribu kumwinua hapo wodini, tukaangukia kitandani wote wawili kama maharusi. Mkinipa mke wangu hivi alivyo, mnanipa nikamzike. Semeni tu mapema nijue."

Dokta Gibson alimsikiliza hadi mwisho, maana alikuwa msikivu.

"Mzee, ngazi umepanda mwenyewe?"

"Nimepanda."

"Hongera sana. Vaileth, mwandike naye. Imara."

"Ala! Mie nimekuja kupimwa?"

Ila tusimwonee Dokta Gibson. Alikuwa mtu wa haki, na mwongozo wake ulikuwa na kifungu cha Rufaa ya Udhaifu. Akaahidi kwamba kesho yake angeshuka wodini yeye mwenyewe, ampime mama kwa mara ya pili, na matokeo hayo yangekuwa ya mwisho.

Habari kwamba Mkuu wa Kitengo anashuka ilimfikia Yustina usiku ule, na alfajiri alimtaka Editha amwogeshe, amvishe khanga mpya, amfunge kilemba, amwegemeze kwa mito mitatu. Dokta Gibson alipofika, kishikwambi mkononi, alimkuta amekaa wima kabisa, anang'aa. Mito haikuonekana. Anselmo alikuwa amesimama nyuma ya kitanda, amekunja uso kama mtu anayesubiri hukumu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, karibu. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Na wewe mama, habari ya afya yako?"

Nyuma ya kitanda Anselmo alitikisa kichwa kwa nguvu mpaka kofia ikadondoka.

"Nzuri, baba," alisema Yustina. "Tunamshukuru Mungu."

"Mama Editha!" Anselmo alipiga kelele. "Asubuhi tumeongea nini?"

"Tumeongea."

"Si ulisema utamwambia hali ni mbaya?"

"Nimwambie mtu hali mbaya hata kiti hajapewa? Baba Editha, we umelelewa wapi?"

"Huyu si mgeni! Ni daktari!"

"Daktari ndiyo asikaribishwe?"

"Mzee, nakuomba," alisema Dokta Gibson, "usiathiri sampuli." Kisha akainama kwa Yustina, akamweleza taratibu kwamba asiogope, hakuna atakayemchukulia vibaya, ajibu kwa uhuru wake. "Habari ya afya yako, mama?"

Yustina alimtazama mumewe. Mzee wa watu macho yalikuwa yamejaa machozi, anamwomba bila kusema. Akamtazama na daktari, kijana wa watu aliyeacha shughuli zake akashuka ngazi zote zile kwa ajili yake. Alihangaika kweli. Alivuta pumzi.

"Nzuri," alisema, "ila baba..."

Dokta Gibson alikuwa ameshabonyeza.

Anselmo aliketi ukingoni mwa kitanda akalia waziwazi, bila kujificha, huku mkewe akimwambia aache, watu wanaona. Dokta Gibson alisikia kitu kimembana kifuani. Alipopanda ngazi kurudi ofisini alikuwa ameshaamua kwamba ni maharage ya mchana.

Alhamisi ilikuwa siku ya kukabidhi ripoti. Uani palifungwa maturubai, ngoma ikaletwa, na bango kubwa likatundikwa kumkaribisha mgeni rasmi: MIKOROSHINI, HAKUNA MZEE DHAIFU. Ili mgeni ajionee, wazee imara wote walitolewa wodini wakapangwa mstari wa mbele. Wengine walitolewa na viti vya magurudumu, wengine na vitanda vyao, na yule babu wa mlangoni alitolewa na mtungi wake, nao ukafungwa utepe wa rangi ya bendera. Yustina aliwekwa karibu na spika, Anselmo pembeni yake, fimbo mkononi, haongei na mtu.

Mgeni rasmi alikuwa Bi Kokushubila kutoka makao makuu, mama wa Kihaya mwenye maneno machache na miwani myembamba. Alisikiliza ripoti yote bila kugusa maji aliyowekewa. Dokta Gibson alisoma kwa sauti iliyotetemeka kwa fahari, na alipofika kwenye asilimia mia alinyamaza apigiwe makofi. Wafanyakazi walipiga. Mstari wa mbele haukupiga, wengi wao mikono ilikuwa haiinuki.

"Kwa hiyo hakuna mzee dhaifu hata mmoja," alisema Bi Kokushubila.

"Hata mmoja, Mheshimiwa."

"Una uhakika?"

"Wa kisayansi, Mheshimiwa."

"Basi Kitengo cha Udhaifu kinafanya nini hapa?"

Dokta Gibson alipekua ripoti. Ilikuwa na kurasa nyingi, lakini swali hilo halikuwamo.

"Mie nazunguka nchi nzima natafuta vitengo vilivyomaliza kazi," alisema Bi Kokushubila, na kwa mara ya kwanza alitabasamu. "Hiki ndicho cha kwanza. Hongereni. Kitengo kinavunjwa leo. Maamuzi yake yote ambayo hayajatekelezwa yanasitishwa. Ofisi iwe stoo. Gari lirudi makao makuu. Huyu kijana wa mazoezi ya viungo arudi wodini akafanye kazi aliyosomea. Na wewe, Dokta, utapangiwa kazi nyingine."

Mtanzania yeyote anaijua sentensi hiyo. Dokta Gibson aliisikia ikimshukia kuanzia utosini.

"Lakini sitaki ionekane nimekuonea," aliendelea Bi Kokushubila, akamsogezea kipaza sauti mdomoni. "Nakuuliza mbele ya wananchi. Kuna tatizo lolote kwenye ripoti hii? Changamoto yoyote? Sema, nakusikiliza."

Na yalikuwepo, tena mengi. Yalikuwa mbele yake pale, yamepangwa mstari, mengine yamelala. Sentensi moja tu ingetosha: Mheshimiwa, wazee hawa ni dhaifu karibu wote, tuliwauliza vibaya. Kitengo kingepona siku hiyo hiyo. Lakini mkubwa amekuuliza habari, hadharani, ngoma ipo, watu wameshika simu wanarekodi. Ulimi wa Dokta Gibson ulifanya ulichozoea kufanya tangu aanze kazi serikalini.

"Hakuna, Mheshimiwa. Mambo ni mazuri tu," alisema. "Ila..."

Mshereheshaji alikuwa ameshachukua kipaza sauti, na ngoma ikapigwa.

Ijumaa mchana Dokta Gibson alishuka ngazi na boksi lake. Kiti kilibaki, kilikuwa mali ya umma. Chini, kwenye korido ya wodi, alikuta watu wamejazana wanashangilia kama wapo uwanjani. Benson alikuwa amerudi nyuma nusu hatua, mikono mbele, na Yustina alikuwa amesimama. Alikuwa anatetemeka, ameshika bomba la ukutani, lakini amesimama kwa miguu yake, na Anselmo alikuwa analia tena, safari hii anacheka hapo hapo. Dokta Gibson aliketi kwenye benchi, boksi mapajani.

Yustina alimwona. Mtu mzima hapiti bila salamu, hata kama magoti yanagongana.

"Baba, habari yako?"

"Mbaya, mama," alisema Dokta Gibson. "Mbaya sana. Sijalala, sijala, sijui napelekwa wapi, na kosa ni langu mwenyewe."

Yustina alimtazama kwa mshangao mkubwa, kisha akamgeukia mumewe na kunong'ona kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia.

"Elimu yote ile, baba Editha, na kuitikia salamu hajui."