Mawe ya Radio Yaliyochoka

Jumatatu, 6 Septemba 1999
Nimeuza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, kutoka asubuhi, mutoto wangu Cyuzuzo mugongoni, analilia meno. Miguu imekufa. Bado somo.

Kozi yetu ya ukalimani ni ya kaseti. Mwalimu Johnson iko Kampala, sauti yake iko mezani kwangu. Anasema kidogo kwa Kiingereza, ananyamaza, unatafsiri. Lakini anakimbia kama kuku aliyeona kisu. Mi niko bado kwa neno mugonjwa, yeye amefika kwa dawa.

Jumamosi anakuja kutupima. Dispansari inataka mukalimani mumoja. Mutu wa kazi hiyo anafanya akiwa amekaa. Kwenye kiti.

Jumanne, 7 Septemba
Mawe ya radio yameanza kuisha. Nilitaka kulia, kumbe ni baraka. Betri zikichoka, Johnson naye anachoka. Sauti imekuwa nzito kama ya fahali, polepole, neno kwa neno. Nimeelewa yote.

Gisenyi nzima watu wanaanika mawe juani yapate nguvu. Mi yangu nimeyaficha chini ya kitanda, yasipone.

Jumatano, 8 Septemba
Kayitesi amekuja. Tunasoma naye kozi hii, ila yeye amekulia Uganda, Kiingereza amenyonya. Ameleta mawe mapya, eti tusikilize pamoja. Nimesema mutoto amelala. Cyuzuzo akapiga kelele palepale.

Kayitesi analalamika kwamba kaseti haioni mudomo wako, ukikosea inaendelea tu. Nikamwambia kaseti iko na subira kuliko mutu. Akasema ya kwake haina. Mawe yangu sikumwonyesha. Siri ni siri.

Alhamisi, 9 Septemba
Johnson anasema neno, anapumzika. Kati ya "mugonjwa" na "anakohoa" nimemunyonyesha Cyuzuzo titi moja mpaka akashiba. Masomo yote nimepita, nimejipa maksi mwenyewe.

Jean Paul, bwana yangu, amerudi kutoka ziwani akauliza kama huyo mwalimu amefiwa. Nikamwambia wasomi ndivyo wanaongea. Akasema basi wasomi hawawezi kuuza samaki, zitaoza.

Jumamosi, 11 Septemba
Sijui nianzie wapi.

Voiture, gari ndogo, ilisimama mbele ya sale, ule ukumbi wa parokia. Akashuka mutu mukubwa, tumbo, shingo ya fahali. Nikajua ndiye. Nikamusalimia kwa Kiingereza, nikamupa sambaza nilizokaanga na pilipili. Alishukuru kwa Kinyarwanda, akala zote. Ni dereva, Mbarushimana, mutu wa Nyakiriba.

Johnson alikuwa nyuma yake. Mudogo, mwembamba, sauti ya nyenje. Akaanza: mugonjwa sijui amefanya nini, tangu sijui lini. Mi nilikuwa bado namungoja amalize neno la kwanza. Nikatafsiri kwamba mugonjwa anaumwa. Akauliza ni hayo tu. Nikasema anaumwa sana.

Kayitesi akatafsiri iliyobaki, pamoja na kikohozi chenyewe. Kiti ni chake.

Mwishoni Johnson alituuliza tunaonaje kusoma kwa kaseti. Kayitesi akasema bora mwalimu wa kumuona usoni. Mi nikasema sauti yake ya kwenye kaseti iko na adabu kuliko yeye. Wote wakacheka, hata dereva. Nilikuwa nasema kweli.

Bon, sawa. Johnson akambeba Cyuzuzo, akasema Desemba kuna nafasi ingine, dispansari ya Kanzenze, nisikate tamaa. Akanipa mawe mapya manne, eti nisikilize vizuri.

Jumapili, 12 Septemba
Kutoka misa nimepitia kwa jirani yangu Saidati. Amefurahi mpaka kuniuliza mara mbili kama niko muzima: mawe yangu mapya nimempa, yeye akanipa ya kwake, yamechoka vizuri kabisa.

Sasa Cyuzuzo amelala na Johnson anaongea kama mutu muzima mwenye heshima zake. Naelewa kila kitu. Kanzenze wananingoja.

Naomba Mungu kitu kimoja: Desemba asije na voiture. Aje na basi, lijae, liharibike njiani, afike amechoka.