Mashine Iliyolishwa Hotuba

Serikali inawatangazia wananchi kwa furaha kubwa kwamba kuanzia Jumatatu, nyumba mpya za Michenzani zitagaiwa na mashine isiyo na ndugu, shoga wala jirani.

Tangazo hilo nililiandika mimi, Katibu wa Kamati ya Mashine. Mashine, kompyuta kubwa kama kabati, ilitoka Ujerumani ya Mashariki. Tuliiweka ofisini kwetu Shangani, tukaivisha maua. Jumatatu ikafika, mashine kimya.

"Hii chuma tu," alisema Klaus, fundi aliyekuja nayo. "Kwanza tuitie mfumo. Amri za kuiendesha." Akatoa utepe wa karatasi uliojaa matundu.

Mwenyekiti wetu, Bwana Mkadam, akaudhika. "Amri za kigeni, tena zimetoboka! Italishwa hotuba yangu."

Kamati ikapitisha kwa kauli moja. Kauli ilikuwa yake.

Klaus alitoboa hotuba nzima kwenye utepe mwengine, ila kwanza aliilisha mashine ule wa kwake. Mbele ya Mwenyekiti sisi tuliuita majaribio ya umeme.

Nje alikuwepo Bi Kazija wa Jang'ombe, kama kawaida yake. Nyumba yake ilibomolewa kupisha ujenzi, sasa yeye na wajukuu wanalala ukumbini mwa watu.

"Mwanangu, nshachoka. Nyumba yangu vipi?"

"Bi Kazija, suala lako limo katika hatua ya kulisha mashine."

"Ishibe yenyewe, mie nilale wapi?"

Siku ya uzinduzi alikuja mgeni rasmi kutoka juu. Mashine ikanguruma, ikaimeza hotuba yote, ikatema mstari mmoja wa Kijerumani.

"Yasemaje?" aliuliza mgeni.

Klaus akasoma: "Nimesoma yote. Sijaona amri hata moja."

"Hata mie sijapata kuiona, amri ya kupewa nyumba!" Bi Kazija alisema mlangoni.

Mgeni akacheka. Nasi tukacheka, kwa kufuata vyeo.

"Basi amri natoa mimi. Bibi apewe nyumba leo. Zote tupu?"

"Zote, Mheshimiwa," alijibu Mwenyekiti. "Isipokuwa moja. Nalala humo mimi na watu wangu, kuifanyia majaribio kwa niaba ya wananchi."

"Majaribio yamekwendaje?"

"Vizuri mno, Mheshimiwa."

"Basi apewe hiyo hiyo."

Alasiri Kamati nzima ilikuwa ngazini ikishusha vitanda vya Mwenyekiti, naye mbele kakumbatia kabati la vyombo. Bi Kazija akatuzuia mlangoni.

"Godoro liacheni," alisema. "Nalo lishajaribiwa."