Kopo la Senene la Kamachumu

Wewe uliyelifungua daftari hili, nakusihi: neno utakalosoma humu lisitoke kinywani mwako. Usimwambie hata mkeo. Hasa kama mkeo anamfahamu Avit.

Ijumaa, 15 Novemba
Tumefika Kamachumu, makarani watatu wa ofisi moja Bukoba: mimi, Avit na Evelyne. Likizo ya kuruka kwa mwavuli kutoka ukingo wa mlima. Wazo la Evelyne. Mimi huogopa hata kupanda kiti kubadili taa, lakini nilikubali haraka. Kabla hatujarudi nataka kumwuliza kama niende Rubya kwa wazazi wake kumposa. Avit naye alikubali haraka. Anasema anapenda mandhari. Kwao ni Buganguzi, wilaya hii hii. Mandhari hii ameiona tangu azaliwe.

Jumamosi, 16 Novemba
Ukungu, jua, mvua, jua tena. Mwalimu wetu Rutaihwa anasema kesho tutaruka, tukiona upepo unaruhusu. Anaupima kwa mfuko mwekundu uliotundikwa kwenye mlingoti. Nikapata akili. Pasipo upepo, nani ataruka? Wenzangu walipokuwa wakila matoke, niliufunga mdomo wa mfuko kwa uzi. Sasa unaning'inia kama soksi iliyofuliwa. Kesho nitasikitika mbele ya Evelyne, na heshima yangu itabaki.

Jumapili, 17 Novemba
Rutaihwa aliutazama mfuko, akafurahi. Upepo umetulia, alisema, hali nzuri kabisa kwa waoga. Akanigeukia: Waitu, bwana wangu, wewe kwanza. Nikafungwa mikanda.

Nikiwa katikati ya sala, ukungu ulishuka, na senene, wale panzi wetu watamu, wakashuka nao, wengi ajabu. Kila mtu aliacha kazi. Rutaihwa mwenyewe alitandaza mwavuli nyasini ili watue juu yake, akasahau kunifungua. Wanawake wa jirani walipoukung'uta, nami nilikung'utwa. Avit alisema hajawahi kuona senene mwenye cheti cha ukarani.

Kisha nikaona. Jioni Evelyne alimpa Avit kopo lililojaa, akimnong'oneza. Sisi Wahaya tunajua maana yake: mwanamke humpa senene mwanamume anayemtaka, naye mwanamume hujibu kwa kitenge. Nimekwisha.

Jumatatu, 18 Novemba
Avit amenigongea mlango, kopo mkononi. Anadai ni langu. Ati Evelyne aliona haya kunipa mwenyewe. Ati yeye na Evelyne ni binamu, na ninunue kitenge, shemeji, nisiwacheleweshe. Binamu! Tangu lini?

Nimewachunguza senene hao. Hakuna bawa, hakuna mguu, wote wamesafishwa mmoja mmoja. Mtu hampi mpinzani wake senene safi hivi kwa nia njema. Nikawamwagia kuku wa mwenye nyumba nione kama watakufa. Hawakufa. Walinitazama wakitaka zaidi.

Nilipogeuka, Evelyne alikuwa amesimama nyuma yangu. Alisema tu kwamba vidole bado vinamuuma kwa kuwanyonyoa. Kwenye basi la kurudi Bukoba alikaa kiti cha mbele, mbali nami.

Jumanne, 19 Novemba
Evelyne amehamisha meza yake. Avit ananitazama kwa huruma, jambo linalothibitisha kila kitu. Amemjaza maneno. Mchana nilipita duka la vitenge, sikuingia. Nimenunua kuku wangu mwenyewe. Kuanzia leo yeye ndiye atakayeonja kwanza.

Ukiwa na habari za Avit, usinipigie simu. Nenda sokoni kwa Mama Vestina, muuza ndizi, umwambie unamtafuta mwenye kuku. Jina langu usilitaje. Na kama Evelyne amekutuma na kopo jingine, karibu sana. Ila usiondoke haraka. Tutakaa wote wawili, tumtazame kuku.