Kinyozi Aliyeukomboa Utepe

Njooni, enyi wenye masikio mawili, na mwenye moja aje na alilonalo. Nyamazisheni simu zenu, nami niwasimulie vita vilivyopiganwa adhuhuri moja ndani ya chumba cha kunyolea chenye kiti kimoja, kioo chenye ufa na redio kaseti ya mwisho mtaani.

Kwenye benchi aliketi Shangazi Ngurumo, mpiga tarumbeta mstaafu, shangazi yake kinyozi. Mkononi alishika kaseti isiyo na pacha duniani, aliyoipata juzi tu: bendi yake ya zamani, magitaa na kinanda vya umeme mbele, safu za tarumbeta na saksafoni nyuma, watu kumi na tisa wakipiga jazi kwa kishindo cha jeshi. Miaka thelathini alishikilia kwamba humo ndani kuna mahali alipiga peke yake, bendi nzima ikimsikiliza. Miaka thelathini fundi viatu wa pale mlangoni alimcheka.

"Wewe ulikuwa unawabebea wenzio maji, dada," alisema fundi.

"Leo utayanywa wewe," alijibu Shangazi.

Kaseti ikaingia. Gita likafoka, tarumbeta za shaba zikajibu, kuta zikatetema. Mara lile dude la redio, lenye njaa isiyo na haya, likautafuna utepe.

Hapo Kinyozi, Simba wa Mashine, Bwana wa Visogo, akamwacha mteja na nusu ya nywele zake, akanena kwa sauti ya majemedari: "Ewe joka la betri sita, ulichomeza ni heshima ya ukoo wangu, nami sinyoi kichwa kingine mpaka ukitapike."

"Na changu?" aliuliza mteja.

"Shika hapa, kaka."

Mteja akaishika redio. Kinyozi akauchomoa utepe kwa meno ya kitana, shibiri kwa shibiri, mkunjo kwa mkunjo, akauviringisha kwa kalamu ya wino kama mpanda farasi azungushavyo mkuki, jasho likimtiririka, feni mbovu ikimtazama tu. Akabonyeza.

Ikatoka sauti nzito ya kinyumenyume, kama bata anayezama kwenye uji.

"Kali sana," alisema mteja, akitikisa kichwa, upande wenye nywele na usio nazo. "Hii ndiyo jazi yenyewe."

"Utepe umejisokota, mwanangu," alisema Shangazi. "Umeipa redio mgongo."

Fundi viatu alicheka mpaka akadondosha nyundo. Shujaa alitahayari, lakini hakukimbia: aliuvuta tena ule ukanda mwembamba, akausaka msokoto, akaunyoosha kwa ukucha wa kidole gumba, akaviringisha upya, akabonyeza huku amefumba macho.

Shaba zikalipuka. Kisha zikanyamaza zote, na kutoka mle ndani sauti ya kiongozi wa bendi ikaita: "Ngurumo, simama."

Shangazi akasimama. Hata hakujua kwamba amesimama. Tarumbeta ikapanda juu ya magitaa kwa sekunde ishirini na moja, ikakwaruza noti moja, ikasonga mbele bila kuomba radhi.

"Pale nilikuwa na mafua," alisema.

Fundi viatu aliweka kiatu chini taratibu. "Irudishe nyuma kidogo, tumsikie tena dada."

"Kurudisha nyuma ni vita vingine, fundi," alisema Kinyozi.

Basi wenye kuandika tarehe za mataifa watafute nafasi, hata kwa kufuta mfalme mmoja, waandike: Jumanne, saa saba na dakika kumi, Kinyozi aliushinda msokoto, na mwanamke akaaminiwa.