Abaya ya Bi Zuwena

Nimeadhirika leo. Nawaambia mwenyewe kabla Asila hajawafikia, maana yeye akisimulia atatia chumvi mpaka chakula kisilike.

Kwanza muelewe habari yenyewe. Mimi ni mwanafunzi wa skuli, darasa la kumi na moja. Mwaka huu skuli yetu ilichagua wasichana watatu wasome somo moja la chuo huku bado wako skuli. Mimi nikapewa takwimu, siku mbili kwa wiki, alasiri, kwenye chuo kimoja hapa Oman, mtaa wa Azaiba. Wenzangu wawili wameshakimbia. Mmoja alisema kichwa kinamuuma, mwengine hakusema kitu, alipotea tu. Nimebaki peke yangu. Na mwalimu mkuu alishaniambia waziwazi: nikipata chini ya B katika wasilisho la leo, kozi imekwisha kwangu, na mwakani hapelekwi msichana yeyote. (Usingizi nilioulala jana mnaweza kuukisia.)

Kosa langu ni moja, na nalikiri. Pale chuoni hakuna anayejua kwamba mimi ni wa skuli isipokuwa Dokta anayetufundisha. Siku ya kwanza Asila, tuliyepangwa naye kundi moja, aliniuliza, "Mwaka wa kwanza?" Nikaitikia kwa kichwa. (Kozi ni ya mwaka wa kwanza. Kichwa changu hakikusema uongo.) Ningefanyaje? Dakika tano kabla ya hapo alikuwa analalamika kwamba chuo siku hizi kinajaza watoto wa skuli, wanapewa alama za huruma na kuwaharibia wengine darasa. Basi kila siku ya kozi navua sare nyumbani, navaa nguo za kikubwa na abaya juu, nafika Azaiba mtu mzima kabisa. Muhula mzima hakuna aliyeshtuka.

Leo basi la skuli lilichelewa. Nimefika nyumbani, mtaani kwetu Hail, teksi niliyoiita kwa simu imeshasimama nje. Sikubadilisha nguo. Nilivua mtandio mweupe wa skuli nikavaa mweusi, nikajiambia abaya itafunika yaliyobaki. Ndiyo kazi yake.

Sebuleni Bibi alikuwa na mgeni. Bi Zuwena, rafiki yake tangu usichana wao Unguja, alikuja kuaga, anasafiri leo leo kwenda huko huko Unguja. Na kuaga kwetu mnakujua. Msafiri anapita nyumba baada ya nyumba, kila nyumba kahawa, kila nyumba dua, kila nyumba kifurushi cha kumpelekea fulani. Ndege itajijua.

Nikawabusu wote wawili kichwani. "Njoo ule kwanza," Bibi akasema.

"Nimechelewa, Bibi."

"Na tumbo tupu utakwenda kuwaambia nini hao watu?"

Nikachukua sambusa mbili ili yaishe. Mlangoni kwetu kuna ndoano za kutundikia abaya. Nyumba ina wanawake wanne, na leo mgeni juu yao, na zote ni nyeusi. Nilivuta iliyokuwa karibu, nikaivaa nakimbia, sambusa mdomoni. Niliiona pana. Nikadhani nimekonda kwa wasiwasi wa wasilisho. (Nikafurahi, hata. Mungu anisamehe.)

Sasa niwaambie tulichokuwa tunawasilisha, maana bila hicho hamtaelewa mateso yangu. Kundi letu ni watu watatu: mimi, Asila, na Hamed, ambaye kazi yake ni kubonyeza kompyuta. Tulipima muda anaochukua mgeni tangu aseme "haya, naondoka" mpaka aondoke kweli. Wazo ni langu. Asila aliliona la kitoto, Dokta akalipenda, basi tukazunguka nyumba za jamaa zetu na saa mkononi. Tulipochora matokeo, nukta zote zilikaa pamoja, isipokuwa moja, iko juu kabisa peke yake. Mgeni huyo nilimpima mimi, nyumbani kwetu. Asila alitaka tuifute.

"Inaharibu mchoro," alisema.

"Lakini ni kweli," nikasema. "Aliondoka muda huo."

Tuligombana wiki nzima. Nukta ikabaki, na mimi nikaambiwa nisimame mbele niitetee mwenyewe.

Nikasimama. Dokta wetu ni Mtunisia, mtu mkavu, nilikuwa sijawahi kuyaona meno yake. Sharti lake moja tu: simu ikilia wakati wa wasilisho, alama zinapungua. Mimi yangu niliizima tangu kwenye teksi. Nilikuwa na raha zangu. Nilizungumza vizuri, jamani, niacheni nijisifu, nilizungumza vizuri. Nilipofika kwenye mchoro Dokta akanyoosha kalamu. "Nukta hii imejitenga. Kwa nini hamkuifuta?"

Nikafungua mdomo nimjibu.

"Bibi Zuwena, simu! Bibi Zuwena, simuuu! Pokea basi!"

Sauti ya mtoto mdogo, kubwa kuliko kipaza sauti cha msikiti, inatoka kiunoni kwangu. Nikajipapasa. Nikatia mkono mfukoni nikatoa tasbihi. Nikatia tena nikatoa pasipoti. Mara ya tatu nikatoa simu, mjukuu kamrekodia bibi yake mlio, na kwenye kioo iko picha ya Bibi yangu mimi. Hapo ndipo nilipojua nimevaa nini.

Nikaizima. Ikalia tena. Nikaizima. Ikalia tena, "Pokea basi!" Watu wa nyuma wanajificha nyuso.

"Pokea," Dokta akasema, "tumalize."

Nikapokea. Nilisahau kwamba Bi Zuwena ana masikio mazito na simu yake haijui kuongea kwa siri. Sauti ya Bibi ikajaa darasa zima.

"Raya! We mtoto umeondoka na buibui la Bi Zuwena! Paspoti imo mfukoni, na ndege ni magharibi! Nnakupigia simu yako imekufa!"

"Bibi, niko mbele za watu, nawasilisha."

"Basi mwambie huyo mwalimu wako ukweli. Mwambie, 'Mimi bado mtoto wa skuli, nipo darasa la kumi na moja, na sare ya skuli nnayo humu ndani, nimekurupuka.' Atakusamehe. Sisi tushafika getini."

Nusu ya darasa wana bibi zao wa Unguja, walielewa Kiswahili chake. Nusu nyengine hawakuelewa, na hao Asila akawatafsiria kwa Kiarabu, hakuombwa na mtu. Darasa la kumi na moja akalitafsiri. Sare akaitafsiri. (Tafsiri safi, lazima niseme. Hakuangusha neno.)

Sijakaa sawa, mlango ukafunguliwa.

Bibi mbele. Nyuma yake Bi Zuwena, amevaa abaya yangu. Mimi na Bi Zuwena tunalingana kwa urefu tu. Kwa upana hatujuani. Mikono ilikuwa imemkaa juu kama anayetaka kuruka, haishuki, na kila mkono umeshika mfuko wa vifurushi vya watu. Bibi akatoa salamu kwa darasa zima, kisha akamgeukia Dokta akamuuliza kwa Kiarabu hali yake, hali ya wazee wake, hali ya watoto. Dokta maskini akajibu moja moja.

Halafu Bibi akanitazama. "Vua."

"Hapa?"

"Kwani ndege inakusubiri wewe?"

Nikavua. Nikabaki nimesimama mbele ya chuo kizima (sawa, darasa moja, lakini nahisi ni chuo kizima) na gauni la sare, shati jeupe, na nembo ya skuli kifuani. Gauni lile kila mtu Oman analijua tangu yuko mbali. Mmoja akacheka. Wakacheka wote. Niliona haya mpaka masikio yakaniwaka, na machozi yakaanza kunijia, siwafichi.

Asila akasema kwa sauti, "Darasa la kumi na moja?"

"Eeh."

"Na alama zote zile ulizokuwa unapata?"

"Zangu."

Nikanyoosha mkono kwa Bi Zuwena anirudishie abaya yangu nijifunike nife kwa heshima.

"Hii siwezi kuivua mbele ya wanaume, mwanangu," akasema. "Ndani nna dira tu la nyumbani." Akachukua abaya yake akaivaa juu ya yangu. Akafunga vifungo. Akaangalia pasipoti, tasbihi, simu. Vyote vipo. "Haya, naondoka."

Hakuondoka. Alimuuliza Dokta kama ana mtu wa kusalimiwa Unguja. Dokta akasema hana. Akamwambia basi afikirie vizuri. Akamtazama Asila, akamtazama tena. "We si mjukuu wa Bi Shinuna? Nilikubeba mimi harusi ya mamako mdogo, ukanikojolea." Darasa likaanguka kicheko upya, na safari hii hakikuwa changu. Asila akaingia chini ya meza kutafuta kalamu ambayo haikuanguka.

Nami nimesimama pale na sare yangu. Mlango uko wazi, ningeweza kutoka mbio, nirudi zangu Hail, kozi ife. Nikafikiria kesho nitamwambia nini mwalimu mkuu, na yale majina ya wasichana wa mwakani ambayo ameshayaandika kwa penseli. Kwa penseli! Kusudi yafutike kirahisi. Hasira zikanipanda, machozi yakakauka yenyewe.

"Hamed, rudisha mchoro," nikasema.

Hamed akabonyeza. Nikavuta pumzi nikaanza upya tangu juu, na jina langu. "Naitwa Raya. Nasoma darasa la kumi na moja. Dokta, uliuliza kwa nini nukta hii sikuifuta." Nikaonesha ukutani, kisha nikaonesha mlangoni, kwa Bi Zuwena. "Siwezi kuifuta. Ile pale imesimama."

Dokta akaitazama nukta. Akamtazama Bi Zuwena, ambaye alikuwa amekwisha sema "haya, naondoka" ya tatu na sasa anamuuliza Bibi kama ile achari aliitia mfuko upi. Akatazama saa yake. Na Dokta akacheka. Meno anayo, nimeyaona, tena mazuri.

Nikaendelea. Nikaeleza kwamba nukta ikikaa mbali na wenzake unaanza kwa kuuliza kama umepima vibaya, na mimi nilipima vizuri. Nikaonesha wastani unavyokuwa tukiihesabu na unavyokuwa tukiiacha, na kwa nini hapa ni bora kutumia kipimo cha katikati badala ya wastani. Niliulizwa maswali manne. Nikajibu manne. Hakuna aliyekuwa anacheka tena, ila Bibi alikuwa anawaambia watu wa mstari wa mbele kwamba mimi ndiye niliyewahi kusoma kabla ya kuota meno ya mbele, na huo ni uongo.

Nilipomaliza, Bi Zuwena akaondoka kweli. Dokta alikuwa amepima. Akachukua kalamu akaongeza nukta moja kwenye karatasi yetu, juu kabisa, jirani na ile ya mwanzo. Kisha akaandika alama.

B.

"Ilikuwa A," akasema. "Sharti la simu ni sharti."

Sikubishana. B ndiyo niliyotumwa.

Nje, Asila akanifuata mpaka kwenye ngazi. Nilidhani anakuja kunimalizia. Akatazama ukuta, akatazama viatu vyake, akasema, "Lile zoezi la sita umelifahamu?"

"Nimelifahamu."

"Utanielekeza?"

"Sisi watoto wa skuli tumezoea mambo ya huruma," nikamwambia. "Nitakuonea huruma."

Nimerudi Hail kwa teksi na sare yangu, dereva ananiuliza skuli gani hiyo inayotoka saa hizi. Bibi amerudi kutoka uwanja wa ndege, ananiambia nimemtia aibu mbele ya mwalimu Mtunisia. (Mimi ndiye niliyemtia aibu. Mmesikia.) Bi Zuwena aliiwahi ndege, alhamdulillahi, na hivi naandika yuko angani, na abaya yangu iko naye chini ya yake, inakwenda kutembea Unguja mwezi mzima bila mimi.

Bibi kasema niazime yake Alhamisi, siku ya kozi. Nimekataa. Alhamisi nakwenda na sare. Mwenye kucheka acheke leo, na akishamaliza aje na daftari.