Dereva wa Mama Saluni

Wakili Hewa hakuwa wakili, ila suti yake ilikuwa imefaulu mitihani yote. Asubuhi hiyo alikuwa amejiweka kwenye chumba cha kusubiria cha kampuni ya bima, akinusa mawindo, ndipo mama mmoja mwenye saluni alipotua kwenye kiti cha pembeni yake na kuguna.

"Mwezi mzima nakuja hapa kwa sababu ya gari langu kubonyea lilipogonga gari la mikate! Wateja wangu sasa wanasukwa kwa jirani."

Wakili Hewa alijikohoza kama jaji. "Dada yangu, hawa watakulipa bati la gari tu. Muda wako je, nani ataulipa?"

"Kumbe muda hulipwa?"

"Sheria ipo, wanaificha tu." Sheria yenyewe ilikuwa ndiyo kwanza imezaliwa. "Nitakudaia mimi. Nipe ada kidogo ya kufungulia jalada."

Mama Saluni alifungua pochi, akaifunga tena. "Na dereva wangu? Siku ile aliendesha yeye, mimi sikuwemo."

"Huyo fidia yake ni mara mbili yako! Yuko wapi?"

"Ah, kaka, hapatikani. Basi, ya kwake ipotee tu."

Ipotee! Neno hilo lilimchoma Wakili Hewa kuliko msiba. Fidia ipotee, na yeye yupo hai? Akachomoa leseni yake ya udereva, akaipuliza vumbi.

"Dada, dereva wako ndiye mimi. Ada isahau, tutagawana."

"Mungu akuzidishie," mama alisema, machozi yakimlengalenga.

Ofisini kwa meneja wa madai, Wakili Hewa alimwaga maneno mpaka feni ikaona haya kuzunguka. Alieleza alivyoshika usukani, alivyolivaa gari la mikate, shingo inavyomuuma hadi leo, na jinsi muda wake wa thamani ulivyoteketea. Kisha akatia saini kwa mbwembwe.

"Fidia ya muda hatuna," meneja alisema, akiirudisha kalamu mfukoni. "Ila umetusaidia sana. Dai hili lilikwama kwa sababu dereva alitoroka baada ya kugonga, nasi hatulipi bila kujua nani aliendesha na kama ana leseni. Mama, hundi yako utaipata leo." Akainua simu. "Mwiteni yule askari wa barabarani anayemtafuta dereva. Mtu wake yupo hapa."

Wakili Hewa alisimama, akakaa, akasimama tena. "Subirini! Dada, waambie ukweli!"

"Ukweli si umeshausema mwenyewe, kaka yangu?" Mama Saluni alimtazama kwa huruma ya dhati. "Tena vizuri, mpaka nimelia."

Askari alimtoa amemshika ukosi wa ile suti, naye bado akitaja vifungu vya sheria ambavyo hakuna bunge lililowahi kuvipitisha. Mama Saluni alishuka ngazi polepole, hundi kifuani, simu sikioni.

"Mdogo wangu," alisema, "toka huko uvunguni. Dereva amepatikana. Na ukigusa tena funguo zangu kabla hujapata leseni, nitakunyoa kwa kisu cha jikoni."